Kabla hujamkabidhi konsoli: kwa wenzangu mnaofundisha upasuaji wa ngiri

Uzi ulikatika mara ya tatu, na daktari niliyekuwa namfundisha akatoa uso kwenye konsoli, meza ya kuiendeshea roboti. "Bosi, uzi wenyewe mbovu."

Uzi haukuwa na tatizo. Tulikuwa tunamalizia ngiri ya kinena kwa roboti. Wavu, ule tunaouita meshi, ulikuwa umeshakaa, kilichobaki ni kushona utando wa tumbo ili uufunike. Kila alipokaza fundo alivuta kama ambavyo angevuta kwa vidole vyake mwenyewe, akisubiri ahisi kwamba limekaza. Mashine tuliyokuwa nayo hairudishi hisia hiyo. Mitambo mipya iliyoanza kutoka mwaka 2024 inairudisha kwa kiasi, lakini mingi iliyomo vyumbani leo haina: unavuta, chuma kinavuta, na wewe unaletewa picha tu. Nikamwambia asahau uzi, atazame utando pale uzi unapozama. Ukianza kupauka na kujikunja, basi, umetosha. Fundo la nne likashika.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini wanafunzi wangu wa roboti walikuwa wananitia hofu kuliko wale wa laparoskopi ya kawaida, upasuaji wa kamera na vyombo vinavyopita kwenye matundu madogo. Kwenye laparoskopi vyombo ni virefu, havipindi, na vinakwenda kinyume na mkono wako. Mwanafunzi anahangaika, na huko kuhangaika kunampunguzia mwendo. Roboti inampa kifundo cha mkono kinachozunguka pande zote, picha yenye kina, na mtetemo wa vidole umechujwa. Wiki ya kwanza tu anasogea kama fundi mkongwe, ilhali macho yake bado ni ya mgeni. Anafika haraka mahali asipopajua.

Kwa hiyo ushauri wangu wote, ukiukamua, ni huu: fundisha macho kwanza, na usiidanganyikie mikono.

Mimi mwenyewe nilitokea njia ya wazi, ile ya Lichtenstein ya kuweka wavu kwa mbele. Nilikuwa nimefanya nyingi, nikajiona nakijua kinena. Nilipoingiza kamera kwa mara ya kwanza na kukitazama kwa ndani, sikutambua kitu. Ni sawa na fundi aliyezoea kuziba bati akiwa juu ya paa, halafu siku moja anaambiwa apande darini azibe kwa chini. Tundu ni lilelile, lakini kila kitu kimegeuka.

Ndiyo maana mwanafunzi wangu hagusi chombo kabla hajanichorea kinena kwenye karatasi tupu, kulia na kushoto, bila kitabu. Mrija wa mbegu unakuja kutoka upande wa katikati, mishipa ya damu ya korodani kutoka upande wa nje, vinakutana juu kwenye mdomo wa mfereji wa kinena. Kati yao, chini, inapita mishipa mikubwa ya damu iendayo mguuni. Wapasuaji wameliita eneo hilo pembetatu ya maangamizi, na jina limestahili. Upande wa nje wa mishipa ya korodani kuna pembetatu ya maumivu, zinapopita neva za paja. Ukipiga pini ya kushikiza wavu hapo, mgonjwa ataamka na paja linalowaka, na linaweza kuwaka miaka. Na juu ya mfupa wa kinena kuna kijimshipa kinachokatiza, wengine wanacho kinene, wengine chembamba, ambacho wahenga wa anatomia walikiita taji la mauti kwa sababu kikikatika kinavuja na kurudi nyuma usikione. Asiyeweza kuchora haya atashika kamera. Hakuna aliyewahi kufa kwa aibu ya kushika kamera.

Tena kamera yenyewe ni darasa ambalo wengi tunalitupa. Tunampa kijana kamera kama adhabu, tukimkaripia "inua, shusha, futa", na baada ya saa nzima ametoka na shingo iliyokakamaa na hakuna alichojifunza. Nimebadilisha. Sasa aliyeshika kamera ndiye anayeniambia tunaenda wapi. Kabla sijasogea namuuliza: "Kinachofuata ni nini, na kipo upande gani?" Akikosea, kamera inabaki palepale mpaka apate. Inachelewesha, ndiyo. Mtu wa usingizi ameshanizoea.

Kanuni ya pili ni kutaja kabla ya kukata. Sikubali "hiki kitishu". Kina jina. Kama hajui jina lake, anasimama, anarudi alikokuwa na uhakika, kwa kawaida kwenye mfupa, anaanza upya kutoka hapo. Na wavu haufunguliwi kabla hajanionyesha uwanja wote: mfupa hadi ng'ambo kidogo ya katikati, nafasi kati ya mfupa na kibofu, tundu la chini ambamo ngiri ya paja hujificha, mfuko wa ngiri umevuliwa na kurudishwa nyuma mpaka mrija na mishipa imelala yenyewe sakafuni, na lipoma, lile donge la mafuta linalofuatana na kamba ya mbegu (mrija na mishipa yake pamoja), limetafutwa na kuvutwa nje. Lipoma ikisahaulika mgonjwa anarudi na uvimbe uleule, na kwake yeye hiyo ni ngiri iliyorudi, umweleze utakavyomweleza. Jorge Daes na Edward Felix waliyapanga mambo haya vizuri mwaka 2017 kama mtazamo wa lazima kabla ya wavu. Nimeyabandika ukutani, na nayaheshimu kuliko kozi nyingi nilizolipiwa.

Nikiri na langu. Miaka iliyopita, kwenye njia ya TEP, ile isiyoingia ndani ya utando wa tumbo, nilimfanyia mtu ngiri nikiwa na haraka. Mgonjwa wa pili alikuwa ameshaletwa koridoni. Miezi mitano baadaye yule wa kwanza akarudi, ngiri ipo palepale. Nikaitafuta video. Wavu ulikuwa wa kutosha, sentimita 10 kwa 15, umetandazwa vizuri. Lakini upande wa chini sikuwa nimeutenganisha utando mbali vya kutosha, na nilipofungulia gesi itoke, nikaiona dhahiri, utando uliporudi uliusukuma ukingo wa chini wa wavu ukajikunja kama kona ya mkeka. Nilikuwa nimeshageuza shingo kumwambia sista alete vya mgonjwa anayefuata. Kamera iliona, mimi sikuona.

Tangu hapo kutoa gesi ni hatua ya upasuaji, ina mwanafunzi wake. Anaubana ukingo wa chini kwa chombo, gesi inatoka polepole, hakuna anayezungumza mpaka utando umelala juu ya wavu. Nayo ni miongoni mwa hatua za mwanzo ninazokabidhi, kwa sababu nafundisha nikianzia mwisho. Mwanafunzi anaanza kwa kufunga: kushona utando, hatari ni ndogo na anajifunza kukadiria mkazo kwa macho. Akiweza hilo anaweka wavu. Kisha anapewa kutenganisha upande wa nje, kisha katikati karibu na kibofu. Kuvua mfuko wa ngiri kutoka kwenye kamba ya mbegu kunakuja mwisho kabisa. Waliotufundisha sisi walianza na mwanzo, mwanafunzi akakwama kwenye mfuko dakika 40, bosi akamnyang'anya, na hakuwahi kufika kwenye wavu mwaka mzima.

Kuhusu idadi, watu hawapendi kusikia. Mwongozo wa kimataifa wa HerniaSurge, kundi la wataalamu wa ngiri, wa mwaka 2018 unasema kuizoea njia ya kamera kwenye kinena kunachukua upasuaji 50 hadi 100, na hatari zaidi iko kwenye zile 30 hadi 50 za mwanzo. Kabla yake, utafiti mkubwa wa hospitali za maveterani Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta ndani ya miaka 2 ngiri zilirudi kwa asilimia 10.1 ya waliofanyiwa kwa kamera, dhidi ya asilimia 4.9 kwa njia ya wazi. Wengi waliusoma kama hukumu dhidi ya kamera. Ukiingia ndani unakuta wapasuaji waliokuwa wameshafanya zaidi ya 250 matokeo yao yalikuwa mazuri zaidi sana. Kilichopimwa pale kwa sehemu kubwa ni shule ya wapasuaji. Siku mbili za mafunzo na cheti chenye muhuri wa muuza mashine havifidii pengo hilo. Nimehudhuria. Walinifundisha pedali vizuri, na chakula kilikuwa kizuri.

Na je, aanze na ipi, laparoskopi au roboti? Naulizwa kila wiki. Kwa ngiri moja ya kinena ya kawaida, utafiti wa RIVAL wa mwaka 2020, wagonjwa 102, haukuona roboti ikimpunguzia mgonjwa maumivu wala madhara. Ulichoona ni muda, wastani wa kati dakika 75.5 kwa roboti dhidi ya 40.5 kwa laparoskopi, gharama iliyopanda, na wapasuaji waliokerwa zaidi. Mimi naitetea roboti kwenye ngiri kubwa za ukuta wa tumbo, ambako kuna kushona kwingi ukitazama juu darini, kazi ambayo kwa laparoskopi inamchosha hata mzoefu. Kwenye kinena naitumia kama darasa la kuelekea huko, na sioni haya kusema hivyo. Ila mtu aanze na sanduku la mazoezi. Sanduku, kamera ndogo, taa, vyombo viwili chakavu: kuhamisha vipande, kukata duara, kufunga fundo. Saa naiweka, lakini simtazami saa. Namtazama mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto uliolala bila kazi ndio unaonisimulia mtu bado yuko wapi.

Kabla ya konsoli, kesi 10 za kwanza anasimama kando ya mgonjwa. Anaweka trokari, mirija ya kupitishia vyombo, anafunga mikono ya roboti, anaiona inavyogongana, anabadilisha vyombo. Na tunafanya zoezi la kuiondoa roboti haraka, na sista, na mtu wa usingizi, kila mmoja akijua anashika nini. Mara ya kwanza tulipolifanya, watatu tulikimbilia mkono mmoja na wa nne ukabaki ndani.

Halafu linakuja gumu, ambalo ni letu sisi tunaofundisha. Kwenye upasuaji wa wazi ukitaka kuchukua kisu lazima umsogeze mtu kwa kiwiko, kila mtu anaona, unaona haya kidogo. Kwenye konsoli mbili, yangu na yake, ni kubonyeza tu. Siku moja nilimsikia mwanafunzi wangu akimwambia sista, "Leo nilikuwa sinema." Nikarudi kwenye video nikahesabu: ndani ya saa moja nilikuwa nimemnyang'anya mara 14. Mara 14! Na nilikuwa nimetoka pale nikijisifu kwamba amefanya kesi yeye.

Nikanunua daftari. Nachukua usukani kwa sababu tatu tu: damu, amepotea na hajui alipo, au amesimama mahali pamoja dakika 10 bila kusogea. Nje ya hapo nazungumza, au nachora kwenye skrini yake. Na maneno yenyewe yawe na mwelekeo. "Angalia hapo" haimsaidii mtu. "Mkono wa kushoto, vuta utando kuelekea kichwani, kisha fungua mkasi sambamba na mshipa", hilo analiweza. Kila kesi naandika mistari mitatu siku hiyohiyo kabla sijabadilisha nguo, na yeye anaandika yake bila kuona yangu.

Wagonjwa wa mwanzo chagua. Ngiri ndogo ya upande mmoja, mtu asiye mnene sana, ambaye hajawahi kupasuliwa chini ya kitovu. Iliyoshuka hadi kwenye korodani, au aliyekwisha tolewa tezi dume, hiyo ni yako wewe, na yeye ashike kamera. Mgonjwa aambiwe nani atashika nini. Sijawahi kukataliwa kwa kusema ukweli huo mapema, nimewahi kukataliwa kwa kuusema mlangoni mwa thieta. Na njia ya wazi asiiache, maana siku mtambo ukigoma au mgonjwa akiwa hafai kulazwa kwa nusu kaputi, ataihitaji.

Ukurasa wa wiki iliyopita, kama nilivyouandika: "Kesi ya 38. Kinena cha kushoto. Usukani mara 1, damu kidogo juu ya mfupa. Amesimama mwenyewe mara 2, akarudi mfupani. Lipoma ameiona yeye. Mimi nilikuwa nimeshaipita."