Ukinyimwa cheo ulichoahidiwa, kabidhi funguo

Kunyimwa cheo kunauma, ila kuambiwa umfundishe kazi aliyepewa kunauma zaidi. Mimi yote mawili yalinikuta wiki moja. Nilikuwa msaidizi kwenye ghala la kampuni ya usambazaji hapa Dar. Meneja wa ghala alipohamia Mwanza, bosi aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema, "Shikilia kwanza, barua yako inakuja." Nikashikilia. Funguo kwangu, ratiba ya madereva kwangu, kuhesabu mzigo kila mwisho wa mwezi kwangu, mpaka Jumamosi usiku. Mshahara uleule.

Barua haikuja. Kilichokuja ni picha ya kijana mwenye tai kwenye grupu la WhatsApp la ofisi: "Tumkaribishe Meneja wetu mpya wa Ghala." Chini yake watu walishaanza kumwaga vidole gumba na "karibu sana kaka". Nami nikaandika karibu.

Siku hiyo usiamue lolote. Usiandike barua ya kuacha kazi, usirushe mafumbo kwenye grupu, na tafadhali usiweke status. Status za mafumbo zinasomwa na wote unaowakusudia, pamoja na afisa rasilimali watu.

Kwa wengi wetu, aibu kubwa haiko ofisini, iko nyumbani. Mama alishawatangazia majirani, shemeji alishaanza kuniita bosi, kwenye kikoba nilishaongeza hisa. Waambie mwenyewe, mapema na kwa ufupi: "Ile nafasi kapewa mwingine, mshahara ni uleule." Usingoje wasikie kwa watu. Halafu kaeni chini mpige hesabu. Kama ulianza kulipia kiwanja kwa awamu ukitegemea nyongeza, mfuate muuzaji kabla tarehe haijafika. Ukishachelewa, maelezo yako yote yanaonekana visingizio.

Kwa bosi nenda hasira ikishapoa, na uombe miadi, usimvizie kwenye korido. Ukimuuliza "kwa nini si mimi?" atakubembeleza tu: tunakuthamini, vumilia. Muulize yanayojibika. Nafasi ilitaka sifa gani ambayo sina? Nani aliamua? Kuna nafasi nyingine kwenye bajeti ya mwaka huu? Mimi niliambiwa makao makuu walitaka mtu aliyesajiliwa na PSPTB, Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Ilinikera, maana nilipopewa funguo hakuna aliyeitaja bodi. Lakini angalau nikajua pa kuanzia: nikafanye mitihani ya bodi au nitafute kampuni isiyoidai. Ukiona kila ukiuliza unazungushwa, anza kutafuta kwingine.

Kuna na ahadi zinazokwama kwa kila mtu. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha upandishaji wa madaraja ya watumishi wa umma ikihakiki watumishi hewa. Mwalimu aliyekwama hapo hakuwa na kasoro yoyote ya kurekebisha, na asijichunguze mpaka akaugua.

Kuhusu sheria, nisikudanganye. Watu watakuambia "nenda CMA", ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, lakini ahadi ya mdomo nyuma ya mlango uliofungwa utaithibitishaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi, kazi na malipo yakiwemo, na yakibadilika ashauriane nawe na akujulishe kwa maandishi. Basi siku unayoambiwa "shikilia kwanza", omba barua ya kukaimu inayotaja majukumu, muda na posho. Wakisuasua, tuma baruapepe ya heshima siku hiyohiyo: "Kama tulivyozungumza leo, nimeanza kusimamia ghala kuanzia tarehe fulani."

Sasa funguo. Cheo kimeenda, lakini kazi zake zina tabia ya kubaki mikononi mwako, na kwa sababu unazijua, kila mtu ataona ni sawa tu. Usigome. Kabidhi rasmi. Mimi nilimwomba meneja mpya tuhesabu mzigo wote pamoja, rafu kwa rafu, kabla sijampa hata ufunguo mmoja. Tukaandika kilichokuwepo, kilichopungua na kilichoharibika, tukaorodhesha funguo na daftari za mapokezi, wote wawili tukaweka sahihi, nakala ikaenda kwa bosi. Anayefanya kazi ghalani anajua kwa nini: upotevu ukionekana baadaye, wa kwanza kuulizwa ni aliyeshika funguo bila barua.

Kijana wa watu hakuwa na kosa. Hakujua hata kwamba kuna mtu aliahidiwa kiti kile. Nilimjibu kila alichouliza, saa za kazi. Lakini dereva akinipigia saa tatu usiku amekwama Chalinze, nilimpa namba ya meneja, nikalala. Wiki za mwanzo madereva walinuna. Wakazoea.

Kisha chukua likizo yako. Sheria inakupa siku 28 kwa mwaka, na wengi tunaziacha zilale kwa kuogopa nafasi itachukuliwa, yako imeshachukuliwa. Zitumie kupumzika na kutuma maombi. Ukipata pengine, anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28. Usiache kazi kwa hasira huku kodi ya nyumba inakungoja.

Kwenye CV andika kipindi ulichokaimu na ulichosimamia: magari mangapi, watu wangapi, mzigo wa aina gani. Ukiulizwa kwenye usaili kwa nini unaondoka, sema nafasi ya kupanda haikuwepo, basi. Mhojaji mmoja alinichimba sana kuhusu bosi wangu. Nikamweleza jinsi tulivyokabidhiana ghala, akaacha habari za bosi, akaanza kuniuliza upotevu wa mzigo huwa naudhibiti vipi.