"Je, itapona?" Barua zenu kuhusu ngozi

Barua za safari hii ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa. Nimechagua saba, nikaziacha zile zilizotaka nitaje jina la krimu bila mimi kuiona ngozi yenyewe. (Na mnaotuma picha zilizopigwa usiku chini ya taa ya njano, mnisamehe, sioni kitu.) Nyuma ya karibu kila moja kuna swali lile lile: je, itapona?

Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka mitatu na ana pumu ya ngozi tangu akiwa mchanga. Usiku anajikuna mpaka shuka linapata damu. Bibi yake anasema nisimwogeshe kila siku. Duka la dawa walinipa krimu, ikamtuliza wiki moja, sasa imerudi vibaya zaidi. (Mama, Tanga)

Marahaba, mama, ingawa mimi ni tabibu wa ngozi, si daktari. Ichukue ile tyubu usome maandishi madogo ya mgongoni. Nakisia utakuta majina matatu: la kwanza clobetasol au betamethasone, la pili gentamicin au neomycin, la tatu clotrimazole au miconazole. Yaani steroidi kali (dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe wa ngozi), dawa ya bakteria na dawa ya fangasi, zote zimefungwa pamoja ili muuzaji asisumbuke kujua unaumwa nini. Iliyomtuliza mtoto ni steroidi. Hizo nyingine mbili zilikuwa abiria tu.

Clobetasol ni katika steroidi kali kabisa za kupaka. Hata mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 50 kwa wiki, wala kuipaka zaidi ya wiki mbili mfululizo bila kusimamiwa. Kwa mtoto wa umri huo, tena usoni, hapana. Ngozi hukonda, michirizi hutokea, na dawa ikinyonywa mwilini huweza kuzilaza tezi zinazotengeneza homoni zake mwenyewe.

Sisemi steroidi ni sumu. Mwanao anaihitaji, ila iliyo laini: hydrocortisone ya asilimia 1 usoni, na ya nguvu ya kati mwilini kama tabibu akiona inafaa, mpaka ngozi itulie, kisha unapumzika. Kipimo unacho mkononi. Kamua krimu juu ya kidole chako cha shahada, kuanzia ncha hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja vyako viwili pamoja na vidole vyake.

Bibi naye ana sehemu ya ukweli. Maji yakikaukia mwilini yanaiacha ngozi kavu kuliko ilivyokuwa. Lakini kosa haliko kwenye kuoga, liko kwenye dakika zinazofuata. Mwogeshe kila siku kwa maji ya vuguvugu, dakika tano hadi kumi, sabuni kidogo isiyo na manukato, na zile sabuni za dawa zenye harufu ya wodi uziache dukani. Mkaushe kwa kanga laini kwa kumgusagusa tu. Kabla hajakauka sawasawa, mpake petroli jeli nzito isiyonukia, mwili mzima, hata pasipowasha. Rudia kumpaka kabla ya kulala. Kata kucha ziwe fupi kabisa. Mafuta safi ya nazi, ambayo kwenu Tanga hayana shida kupatikana, nayo yanafaa.

Je, itapona? Kwa watoto wengi hupungua kadiri wanavyokua, wengine huwaacha kabisa. Baadhi hubaki nayo, au baadaye hupata pumu ya kifua. Ukiona usaha, maganda ya rangi ya asali, au malengelenge pamoja na homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Habari daktari. Mimi ni dereva wa matatu, miaka 41. Nina soriasisi kwa viwiko, magoti na kichwa. Kuna kliniki hunidunga sindano, ngozi inasafika wiki mbili halafu inarudi ikiwa mbaya zaidi. Sasa hospitali wamenipa methotrexate, nikasoma ati ni dawa ya kansa. Ninywe? (Eldoret)

Nzuri, ndugu yangu. Jina la hiyo sindano hukuambiwa, lakini kwa tabia yake naidhani ni steroidi. Kwenye soriasisi, ugonjwa huu wa mabaka manene yenye magamba, husafisha haraka, ikiisha nguvu ugonjwa hurudi na jeshi. Wapo wanaofumuka vipele vya usaha mwili mzima, na hiyo ni dharura ya kulazwa. Mweleze daktari wako mpya umedungwa mara ngapi na kwa muda gani.

Methotrexate kweli hutumika kwenye saratani, kwa dozi kubwa. Yako ni ndogo sana, na dawa hii imetibu soriasisi kwa zaidi ya nusu karne. Kunywa, lakini chukua kalamu uandike juu ya boksi: MARA MOJA KWA WIKI. Chagua siku, tuseme Jumapili, isibadilike. Watu wamekufa kwa kuinywa kila siku kama Panadol. Utapewa pia asidi ya foliki, na damu itapimwa kabla na wakati wa matibabu ili kuangalia ini, figo na chembe za damu. Bia na busaa weka kando, ini halichagui. Kama mnapanga mtoto, sema kabla ya kuanza. Na hili wengi hawaambiwi: usijinunulie Septrin, ile dawa ya bakteria, ukiwa kwenye methotrexate. Zikikutana zinaweza kuzima uboho usitengeneze damu.

Mambo mawili mengine. Kama soriasisi ilikuanza ghafla na kwa ukali, pima VVU, maana virusi hivyo huweza kuichochea. Na kama vidole vinavimba, au asubuhi vimekaza hata usukani hushiki vizuri, usiseme ni uzee. Soriasisi huingia kwenye viungo, na uharibifu wa viungo haurudi nyuma.

Kupona moja kwa moja, hapana. Kulala, ndiyo, miezi hata miaka.

Nanyoa kwa kinyozi wa mtaani. Je, soriasisi ya kichwani inaweza kuwapata wateja wengine? (Morogoro)

Hapana. Wala kwa taulo, shuka, kitana au kulala pamoja. Pumu ya ngozi na balanga (mabaka meupe yaliyopoteza rangi) ni hivyo hivyo. Mashine ya kinyozi husambaza mapunye, kwa hiyo isafishwe kwa kila kichwa, chako na cha jirani. Mwambie tu asikukwaruze, kwa sababu soriasisi hupenda kuota palipojeruhiwa.

Nilikwenda kliniki kwa ajili ya ngozi, nesi akanipa karatasi ya maswali kumi: kama naona aibu, navaa nguo gani, hata tendo la ndoa. Yanahusianaje na mabaka yangu? (Mwalimu, Dodoma)

Mwalimu, inaelekea ni karatasi ya kupima jinsi ugonjwa wa ngozi unavyoyaingilia maisha, iliyotungwa Cardiff, Wales, na watafiti Andrew Finlay na Gul Khan, ikatangazwa mwaka 1994. Kila swali linahusu wiki iliyopita na lina alama 0 hadi 3, jumla 30. Ukivuka 10, ugonjwa umeyaingilia sana maisha yako, hata kama mabaka yenyewe ni machache.

Ukubwa wa mabaka unadanganya. Mgongo mzima unaweza kufichwa na shati, lakini baka moja kwenye kiganja cha mama ntilie linamfukuzia wateja. Ndiyo maana sehemu nyingi alama hizo huhesabiwa pale inapoamuliwa nani apewe dawa kali zaidi.

Karatasi ina upungufu wake. Kuna swali linalotaja manunuzi, kutunza nyumba na bustani. Mimi nikimsomea mama wa kijijini husema soko na shamba. Na kuna mambo ya kwetu ambayo hayamo kabisa. Mzee mmoja alikuja kwangu Februari, jua la Dar es Salaam unalijua, amevaa kanzu ya mikono mirefu. Maswali yote kumi alijibu "hapana, hapana kabisa". Alama sifuri. Alipokuwa anaaga nikamuuliza, na msikitini mzee wangu, inakuwaje? Akakaa tena. Akapandisha kanzu taratibu, magoti yote mawili yamepasuka, magamba yamegandia kwenye kitambaa. Tangu Ramadhani alikuwa anaswali nyumbani. Kusujudu kulimuuma, na magamba yalikuwa yanabaki kwenye mkeka, watu wakaanza kuacha nafasi ubavuni kwake. Tangu siku hiyo naongeza swali la kumi na moja, la ibada.

Jaza kwa ukweli, hata lile la chumbani. Nesi ameshasikia makubwa kuliko hayo.

Assalam aleikum. Binti yangu wa miaka 22 ametoka mabaka meupe vidoleni na pembeni mwa midomo. Harusi ni baada ya miezi minne, na upande wa mume wameanza kunong'ona kuwa ni ukoma. (Mama, Mombasa)

Waaleikum salaam, mama. Tuanze na minong'ono. Chukua kipande cha pamba, binti afumbe macho, mguse katikati ya baka kwa ncha yake. Baka la ukoma kwa kawaida huwa limefifia tu, halifiki weupe wa maziwa, na mara nyingi limekufa ganzi. Balanga, ambayo naidhani ndiyo ya binti yako, ni nyeupe pe, na inahisi kila kitu. Jaribio hilo halichukui nafasi ya kupimwa, ila litakupunguzia usiku wa kukosa usingizi. Na hata ungekuwa ukoma, dawa zake ni bure, humalizwa kwa miezi 6 au 12, na mgonjwa huacha kuambukiza mapema tu baada ya kuanza kuzimeza.

Balanga hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia seli zinazoipa ngozi rangi. Mwombe daktari apime pia tezi ya shingo, maana mara nyingine hushambuliwa pamoja. Tiba ipo: steroidi kwa muda maalumu, tacrolimus (dawa ya kupaka isiyo steroidi) kwa ngozi ya uso, na mwanga wa hospitali. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruxolitinib, ya kwanza kwa kurudisha rangi, lakini bei yake si ya mfuko wa kawaida. Rangi hurudi ikitokea kwenye vinyweleo, ndiyo sababu mashavu huitikia vizuri, na ncha za vidole na midomo, pasipo vinyweleo, hukaidi. Miezi minne haitoshi. Sitaki kukudanganya.

Lile ninaloliogopa zaidi ni siku ya kupambwa. Hina ya majani haina neno. Piko nyeusi ndiyo yenye kemikali ya rangi za nywele, ambayo huwaunguza baadhi ya watu, na ngozi yenye balanga ikiungua, baka jipya huota hapo hapo. Maua ya piko yanaweza kubaki mkononi yakiwa meupe. Mkatalieni pia yeyote atakayeleta mkorogo wa "kusawazisha" rangi. Na binti mwenyewe amwambie mchumba sasa, kabla shangazi hawajamwahi.

Sisi wenye magonjwa haya tuko wangapi? Najiona peke yangu. (Mwanafunzi, Mwanza)

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wakati wowote watu bilioni 1.8 wana tatizo la ngozi, na Mei 2025 nchi wanachama zilipitisha azimio la kuyapa magonjwa haya kipaumbele. Soriasisi ilikuwa imepata azimio lake mwaka 2014. Wataalamu ndio wachache. Kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992, kwa hiyo uliza hospitali ya mkoa kama yuko aliyepita huko.

Nina soriasisi mgongoni, krimu ya hospitali haifanyi kazi, na hela ni ya tyubu moja tu kwa mwezi. Ninunue nini? (Baba, Iringa)

Nilipokuwa mgeni kazini nilimwandikia mzee mmoja mwenye mgongo kama wako tyubu ya gramu 15, nikamwambia arudi baada ya mwezi. Akarudi vile vile, nikamgombeza kwamba hapaki. Mkewe akanijibu kwa upole: "Mwanangu, iliisha siku ya pili." Nikapiga hesabu. Mgongo unakula gramu tatu na nusu kwa mpako mmoja, asubuhi na jioni ni saba. Siku mbili, kumi na nne.

Kwa hiyo, baba, huenda krimu yako ni nzuri, ila imekuwa kidogo mno. Nunua kwanza kopo kubwa la petroli jeli, upake mara mbili kila siku mpaka magamba yalainike. Asubuhi jua likiwa bado changa, vua shati uliache limulike mgongo dakika kumi, mradi usiungue. Krimu iweke kwa mabaka mawili matatu yanayokusumbua zaidi. Ukirudi kliniki mwambie tabibu aandike gramu, asiandike "tyubu moja".