Mumeo kakutumia video ya bomba, wewe unaniuliza habari za shule

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, ndoa ya miaka kumi na moja, watoto wawili: mmoja yuko darasa la nne, mwingine la kwanza. Tunaishi Tabata. Mwaka jana mume wangu alihamishiwa makao makuu ya wizara, Mtumba, Dodoma, na sasa anataka tumfuate. Amepanga nyumba Nzuguni bila kunishirikisha na kodi ya miezi sita keshalipa. Mimi nilitaka Area D anakokaa rafiki yangu, au Kisasa, karibu na shule ya maana. Nzuguni ni vumbi na stendi ya mabasi tu. Nilipomuuliza mazingira yakoje, akanitumia video ya bomba la maji! Nimependekeza watoto wakae bweni Morogoro, iwe katikati yetu, akakataa, na mama yake anamjaza maneno kwamba watoto wanamsahau baba yao. Nifanye nini ili anielewe?*
*Mama Wawili, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kufunga nyumba yenye watoto na kuifungua mji mwingine si jambo dogo. Pole hiyo ishike vizuri, sina nyingine.

Barua yako ni ya kurasa tatu, hapo juu nimeifupisha. Nimeisoma mara mbili, ya pili na miwani. Ukurasa wa pili kuna sentensi umeipitisha mbio: mumeo alikutumia picha za nyumba tatu, moja Ilazo, moja Kisasa, moja Nzuguni, nawe "ulikuwa bize kidogo" ukamjibu baada ya siku kumi na moja. Kumi na moja! Halafu unaniandikia kuwa hukushirikishwa. Dalali hasubiri mke wa mtu, bibie. Dalali ana wateja wengine wanne nyuma ya geti na anataka chake cha mwezi mmoja. Mumeo angeweza kupiga simu tena, hilo kosa lake naliandika. Lakini aliyekaa kimya si yeye.

Sasa hilo bomba unalolicheka. Umelieleza mwenyewe: anafungua la jikoni, maji yanatoka, anaingia bafuni, anafungua, yanatoka, anatoka nje, anagonga simtanki kwa vidole ili usikie limejaa mpaka wapi. Hasemi neno. Wewe ulitaka uone rangi ya ukuta na dirisha la sebule.

Dodoma ni nchi kavu. Mvua zake huanza Desemba hadi kama Aprili, baada ya hapo mbingu inafungwa. Mji umenyweshwa miaka mingi na visima vya Mzakwe, na tangu serikali ianze kuhamia kwa kishindo mwaka 2016 watu wameongezeka kuliko maji. Kuna nyumba nzuri kule, vigae vinang'aa, geti la umeme, na maji yanafika kwa mgao. Mama anaamka usiku wa manane kukinga ndoo kabla hayajakatika. Mwenyeji wa Dodoma akitafuta nyumba huuliza maji kwanza, vigae baadaye. Mwanaume aliyezunguka na simu akifungua bomba moja moja alikuwa anakutafutia wewe na watoto pa kuoga. Angekuwa anajitafutia mwenyewe, chumba na ndoo moja vingemtosha.

Na Nzuguni hakukuchagua kwa kubahatisha. Mtumba iko kama kilomita 17 kutoka mjini, barabara ya kwenda Morogoro, na Nzuguni iko njiani humo humo. Akitoka kazini, anafika nyumbani mapema, watoto hawajaanza hata kazi za shule. Area D ni mjini. Kila siku atoke mjini aende nje, arudi tena mjini, kwa sababu rafiki yako ana majirani wazuri? Kisasa sina ugomvi nayo, nayo iko upande huo huo, na kodi ikiwezekana mkahamia huko miezi sita ikiisha, sawa. Vumbi la Nzuguni lipo, sikufichi, na upepo wake unalipeleka mpaka kwenye sufuria. Stendi kuu nayo ipo. Kasikilize usiku ujue nyumba iko umbali gani na honi. Lakini ukasikilize wewe mwenyewe, usisikilizie masikio ya rafiki yako.

Tuje kwenye shule, maana neno hilo umeliandika mara tisa.

Mwanao wa darasa la nne, kwa maneno yako, anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Basi linapita saa kumi na moja. Anarudi saa kumi na mbili jioni na "anasinzia mezani na soksi miguuni". Hiyo ndiyo shule unayoogopa kuiacha? Wazazi wa siku hizi tunachagua shule kwa rangi ya sweta na Kiingereza cha mlinzi getini, hatuhesabu saa ambazo mtoto anakaa ndani ya basi akigongesha kichwa kwenye kioo. Usiniambie Dodoma hakuna shule. Mji wenye wizara zote na vyuo, watumishi wake wanasomesha wapi? Na "ya maana" si lazima iwe ya kulipia: Olympio hapo Upanga inafundisha kwa Kiingereza na ni ya serikali. Huko uendako uliza za halmashauri pia kabla hujafungua pochi.

Ukienda kuangalia shule, usiende siku ya mahafali. Nenda siku ya kazi saa nne, wakati wa uji. Ingia chooni, tazama kama kuna maji ya kunawa. Uliza mwalimu wa darasa ana miaka mingapi hapo. Wakikwambia wote wameanza Januari, ondoka. Halafu kesho yake simama nje ya nyumba yako mpya alfajiri na saa mkononi uone basi linapita saa ngapi. Kama kuna shule ya kutwa mtoto anaweza kuifikia kwa miguu, iweke ya kwanza kwenye orodha hata kama ukuta wake umebanduka rangi.

La bweni nalijibu kwa ufupi. Mwaka 2023 serikali ilitoa waraka: kuanzia awali hadi darasa la nne hakuna bweni, mpaka kwa kibali maalumu. Wanao wote wawili wamo humo. Na hata waraka usingekuwepo, mtoto wa darasa la kwanza umpeleke Morogoro kwa sababu wewe na baba yake hamjakubaliana mtaa? Mumeo kakataa, kafanya vizuri. Mama mkwe naye unasema anamjaza maneno. Neno lenyewe ni kwamba watoto wanamsahau baba yao. Hilo neno lina uongo gani?

Mahali ninapokuunga mkono ni hapa tu: akitaka mhame Juni, mwambie hapana. Wa darasa la nne ana upimaji wa kitaifa mwisho wa mwaka na ameshasajiliwa shuleni kwake. Amalize. Mwombe mwalimu mkuu uhamisho mapema, na namba ya mtoto ya PReM, ile ya usajili wa mwanafunzi, uiandike mahali usipoipoteza, kisha Januari aanze la tano Dodoma na mdogo wake aanze la pili. Tarehe hiyo mpe mumeo kwa maandishi, aone kuwa una nia.

Maana nia ndiyo haionekani. Ndoa za siku hizi zimekuwa za treni. Tangu reli mpya ianze safari za Dodoma mwaka 2024, watu wanajidanganya kwamba umbali umekwisha: chini ya saa nne umefika, Ijumaa usiku baba yupo, Jumapili jioni kaondoka. Daraja la kawaida lilianza kwa shilingi 31,000. Kwenda na kurudi 62,000. Wikiendi nne ni 248,000, na hapo hujanunua hata maji ya kunywa. Mnawalipa wenye treni kodi ya nyumba ya pili. Wewe unaogopa atapata mwanamke huko, umeliandika kwa kuzunguka. Mimi naogopa jingine. Mwanaume akijipikia ugali mwaka mzima, akajua soksi zake ziko wapi, akalala bila kelele za watoto, anazoea. Na wewe pia unazoea. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa reli. Alihamishiwa Tabora, mimi nikabaki Tanga miaka miwili nikisingizia masomo ya mtoto. Nilipomfuata nikakuta kikombe kimoja mezani, na siku tatu nzima ananitengea chai kwenye bilauri kama mgeni. Nikanunua vikombe sita. Ilichukua muda.

Ukweli wako uko mstari wa mwisho wa ukurasa wa tatu, chini kabisa, herufi ndogo: biashara ya vitenge wewe na dada yako Kariakoo "ndiyo kwanza imeshika". Hapo ndipo ulipotakiwa kuanzia! Unaogopa kwenda kuomba hela ya mchicha. Hofu hiyo ina haki, na mumeo hajaisikia hata siku moja kwa sababu umemfunika na habari za English medium. Mwambie wazi: siji bila kazi yangu. Dada abaki na fremu, wewe uwe tawi. Mji ule umejaa akina mama wa maofisini wanaochukua kitenge leo na kulipa mwisho wa mwezi. Andika madeni kwenye daftari, usiandike kichwani. Mzigo utaufuata Kariakoo kwa treni hiyo hiyo. Na akukatie mtaji kabla hujafunga sanduku la kwanza. Akigoma kwenye hilo, niandikie tena, barua ijayo nitakuwa upande wako.

Nzuguni unayoikataa hujaikanyaga, mwanangu. Mchagua nazi hupata koroma, na wewe hata nazi zenyewe hujazigusa. Watoto waache kwa dada yako wikiendi moja. Mpigie mumeo leo, usimwandikie, mwambie unafika Ijumaa akupokee stesheni. Na kama ni Juni au Julai beba sweta nzito. Baridi ya kule inakuja na upepo, na wewe mtu wa Tabata utabeba mtandio.