Guangzhou niliyoiona mimi: vitambaa karibu, watoto mbali

Wakuu, kuna ndugu yetu ameuliza hapa. Anakwenda Guangzhou, jiji la kusini mwa China, kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba kuchukua nguo, na anataka kujua kama ni kweli Wachina wametuacha mbali kwa sababu wao wamezaliwa wachapakazi na sisi tumezaliwa wavivu. Wengi mmemjibu "ndiyo" ya haraka haraka. Mimi nauza magauni na mikoba Kariakoo, nimekwenda kule mara saba tangu 2014, na jibu hilo linaniuma. Naomba nieleze nilichokiona, mnivumilie nikirefusha.

Anzia wilaya ya Haizhu, kusini ya mto unaopita katikati ya jiji. Pale kuna soko la vitambaa la Zhongda. Ukiingia asubuhi na picha ya gauni kwenye simu, unachagua kitambaa, unavuka barabara kutafuta vifungo, jengo la tatu unapata zipu na lebo, na jioni sampuli inaweza kuwa mkononi mwako. Nyuma ya soko kuna Kangle na Lujiang. Hivyo vilikuwa vijiji vya wakulima, jiji likakua likavizunguka, wenyeji wakajenga maghorofa yaliyobanana mpaka Wachina wenyewe wanayaita nyumba za kupeana mikono, maana mtu wa dirisha hili anaweza kumsalimia kwa mkono jirani wa dirisha lile. Ndani yake kila chumba ni karakana. Huyu anakata tu, yule anapiga ovaloki tu, mwingine anadarizi, mwingine anapiga pasi na kufunga kwenye nailoni. Katikati zinapita pikipiki za umeme zimebebeshwa majora ya vitambaa mpaka dereva haonekani.

Sasa mlinganishe na fundi wangu wa Ilala. Mkono wake ni mzuri, sijaona wa kumzidi hata kule. Lakini zipu yake inatoka China, uzi unatoka China, kitambaa kinatoka China, na kikipungua jora moja tunasubiri mzigo wa mtu mwingine ufike bandarini. Kazi ya siku mbili inachukua wiki mbili, na siku nyingi kati ya hizo fundi amekaa anasubiri. Mtu akipita akamwona amekaa, anasema Mswahili mvivu. Mpeni fundi huyu zipu, kitambaa, umeme na mteja ndani ya mwendo wa dakika kumi, ndipo tuzungumze uvivu.

Na mpangilio huo hauko kwenye nguo peke yake. Mikoba yangu mingi inatoka Shiling, mji mdogo wilaya ya Huadu ambako kazi kubwa ni ngozi na mikoba. Anayetaka taa anaelekezwa Guzhen huko Zhongshan, anayetaka jinzi anakwenda Xintang. Mji mmoja unashika kitu kimoja, wauzaji wa malighafi wanahamia hapo, mafundi wanawafuata, bei inashuka. Maonyesho makubwa ya biashara ya Canton (ndilo jina la zamani la Guangzhou), yanayofanyika Aprili na Oktoba tangu 1957, ni mazuri kwa macho, ila kwa mtaji wa kina sisi wenye viwanda wengi wanataka oda kubwa mno. Usiyategemee. Ingia masokoni.

Kitu kilichonibadilisha mawazo kabisa ni barabara ya Kangle asubuhi. Wenye karakana wanajipanga kando ya njia, kila mmoja ameshika nguo ya mfano na karatasi yenye bei ya kushona kipande kimoja. Mafundi wanapita. Wanaishika ile nguo, wanaigeuza ndani nje, wanahesabu mishono, wanapiga hesabu kichwani watatoa vipande vingapi kwa siku, kisha wanasema bei yao au wanaondoka. Nilidhani tajiri ndiye anachagua mfanyakazi. Pale niliona fundi anamchagua tajiri. Analipwa kwa kipande, msimu ni mfupi, na kila saa anayolala ni hela inayompita, ndiyo maana unamkuta saa tano usiku bado yuko kwenye cherehani. Hakuzaliwa hivyo. Na mchana baada ya kula, watu haohao wanaweka kichwa juu ya meza na kulala, hata dukani, wala hakuna anayewaita wavivu.

Mwaka 2016 oda yangu ilishonwa na mume na mke kutoka mkoa wa Hubei, kama walivyo wengi wa pale. Mama yule alikuwa ameegemeza simu kwenye cherehani, video imewashwa, na kwenye kioo yuko binti wa miaka kumi anafanya kazi za shule mezani kwa bibi yake, mbali kabisa na pale. Hawazungumzi. Mama anashona, mtoto anaandika, mara mojamoja mmoja anainua macho. Nilimwuliza kwa ile programu ya kutafsiri kwa nini asimlete mjini. Akaniandikia kwamba shule ya mtoto iko ulipo usajili wa kaya.

Usajili huo wanauita hukou, umekuwepo tangu 1958. Mtu anasajiliwa mahali pa asili yake, na haki nyingi zinafuata usajili huo: shule ya serikali, matibabu, mtihani wa kuingia chuo kikuu. Unaruhusiwa kufanya kazi Guangzhou miaka ishirini, lakini mwanao kupata nafasi katika shule ya mjini ni shughuli nyingine. Sensa ya 2020 ilihesabu watu karibu milioni 376 wanaoishi mbali na mahali pa usajili wao. Wakuu, hao ni zaidi ya Watanzania wote mara tano. Bei ya gauni ninayoifurahia mimi ina watoto hawa ndani yake, waliolelewa na bibi na kumwona mama Mwaka Mpya wa Kichina. Na ndiyo sababu sikukuu hiyo ikikaribia viwanda vinafungwa na kila mtu anakimbilia kwao. Ndugu muulizaji, kama mzigo wako haujatoka kiwandani wiki kadhaa kabla ya sikukuu, hesabu umelala.

Kuhusu tabia, nitasema moja iliyonigharimu. Kiwanda kimoja kilinipa mikoba 600 yenye zipu mbovu. Nilikuwa nimetoa kianzio asilimia 30 na kumalizia 70 bila kufungua katoni, kosa langu kubwa. Safari iliyofuata nikamwendea bosi dukani kwake, wateja wamejaa, nikamwaga mikoba sakafuni na kupaza sauti. Akatabasamu, akasema tutaona, na sikupata chochote. Mzee mmoja wa Kitanga aliyekaa kule miaka mingi akaniambia: umemuumbua, rudi jioni, peke yako, bila sauti. Nikarudi. Tukanywa chai muda mrefu bila kugusa habari ya zipu, kisha yeye mwenyewe akaitaja, na oda iliyofuata akanikata bei mpaka fidia ikatimia. Kwetu pwani huko kutomuumbua mtu mbele za watu tunakuita sitara, na nilijilaumu kwa sababu hilo nilifundishwa nyumbani kabla sijajua China iko wapi. Tangu siku hiyo nakwenda ghala mwenyewe, nachana katoni za katikati siyo za juu, ndipo nalipa.

Hela: 2014 nilibeba mabunda, kwa sababu noti kubwa ni yuan 100 na kila duka lina mashine ya kuhesabia. Sasa ni kupiga picha msimbo wa malipo kwa WeChat au Alipay, programu zao za kulipia kwa simu, hata kwa muuza viazi vya kuchoma, na tangu 2023 unaweza kuunganisha kadi yako ya benki ya nje. Sisi tulizoea hela ya simu mapema, ila kwetu bado tunaambizana "weka na ya kutolea". Kule hela haitolewi, inabaki inazunguka.

Ijumaa nenda msikiti wa Xianxian karibu na stesheni ya zamani ya treni, ambako inasimuliwa kuwa kuna kaburi la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Utakutana na nusu ya Kariakoo. Chakula cha halali tafuta migahawa ya Wahui, yaani Waislamu wa Kichina, yenye tambi za kuvuta kwa mkono, ipo kila kona Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi.

Sitaficha baya. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli hata wasio wagonjwa, wakalala nje. Rafiki zangu wawili walikuwemo. Mmoja hajarudi na hataki kusikia. Mimi nimerudi, lakini kila nikikabidhi pasipoti mapokezi ya hoteli moyo unanidunda kwanza.

Mwaka jana, Oktoba, nilikwenda Kangle kuwatafuta wale wa Hubei. Karakana nyingi zilikuwa zinahamishiwa Qingyuan, kaskazini ya jiji, na chumba chao kilikuwa na mtu mwingine. Nilimtumia mama ujumbe. Akanijibu na picha. Alikuwa amerudi kwao baada ya Mwaka Mpya ili akae na binti mpaka mtihani wa chuo kikuu wa mwezi Juni. Akaandika kwamba tangu mtoto aanze shule, hiyo ndiyo miezi waliyokaa pamoja mfululizo mirefu kuliko yote, na kwamba hakujua binti yake hapendi tangawizi kwenye chakula.