Mende wa gogoni na mchwa, ni ndugu?

SWALI: Habari za kazi. Naishi North Carolina, huku milimani. Juzi nimepasua gogo lililooza nyuma ya nyumba nikakuta mende wawili weusi wanang'aa, hawana mabawa, na pembeni vidudu vyeupe kama ishirini. Wife anasema ni mchwa, na nyumba yetu ni ya mbao. Nipige dawa?

JIBU: Pole kaka, dawa iache kwanza. Hao weupe sio mchwa, ni watoto wa hao hao mende! Hao ni Cryptocercus, milima ya Appalachia ndio kwao. Baba na mama wanazaa mara moja tu maishani halafu wanalea humo gogoni miaka mitatu au zaidi, na mtoto akitoka kwenye yai ni mweupe, laini, haoni, mbao hawezi kumeng'enya, kwahiyo anaenda nyuma ya mzazi analamba majimaji yanayotoka kule kwenye haja, ndani yake kuna vijidudu vya kusaga mbao tumboni.

Sasa mchwa wanaokula mbao wanalishana hivyo hivyo, ndio maana wife kachanganya na simlaumu hata kidogo, maana mwaka 2007 watafiti wa London walilinganisha DNA wakasema wazi kwamba mchwa ni mende walioanza kuishi kijamii. Yaani kumbikumbi tunaowakaanga nyumbani ni ukoo wa mende.

Tofauti ipo kwenye kujivua gamba. Mende akishakua kidogo anajivua na vijidudu vinabaki tumboni, ila mchwa wa mbao kila akijivua anavipoteza inabidi alishwe upya na wenzake, kwahiyo hawezi kuishi peke yake. Huyu wa gogoni akikomaa anaondoka kuanzisha familia yake.

Ukiwa na mashaka angalia kimoja kwa karibu: antena za mchwa ni kama shanga zilizotungwa, miguu ya mende ina miiba.

Nyumba yako hawaitaki kabisa, wao ni mbao yenye unyevu iliyooza tu. Cha kukagua ni msingi, ukiona vijia vya udongo vinapanda ukutani hao ndio mchwa, ita fundi haraka.

Na hilo gogo naomba sana lirudishie vipande vyake pale pale leo hii, wale weupe wakitengana na wazazi watakufa njaa.