Bega la jirani

Shikamoo Mwalimu. Nasoma Bangor, Wales. Juzi nimepanda mlima Garnedd Ugain, mita 1,065, wa pili kwa urefu Wales nzima. Wenzangu wanasema haumo kwenye orodha yao ya milima iitwayo Marilyn. Ni wivu?

Marahaba mwanangu. Si wivu, ni hesabu. Orodha hiyo haijali urefu kutoka usawa wa bahari. Inauliza: ukitaka kwenda palipo juu zaidi, utalazimika kushuka kiasi gani kwanza? Isipofika mita 150, mlima haumo. Wako unashuka kama mita 72 tu, kisha unaanza kuupanda Yr Wyddfa (1,085), mrefu kuliko yote Wales. Ni bega la jirani. Carnedd Llewelyn, mfupi kwa mita moja, una mita 750 hivi za kwake mwenyewe.

Orodha nyingine ya milima, ya Nuttall, haina makuu: futi 2,000 na mshuko wa mita 15, umo. Mimi hunifurahisha walio mpakani. Mynydd Graig Goch ulihesabiwa kilima hadi 2008, wapimaji walipopandisha vyombo wakapata mita 609.75. Mpaka, zile futi 2,000, ni mita 609.6. Sentimita 15, urefu wa kalamu yangu ya kusahihishia!