Kwa anayeanza kufuatilia kura za haki za binadamu: soma rasimu kabla ya kutazama ubao

Wengi wanaoanza kazi hii, iwe wizarani, ubalozini au kwenye asasi ya kiraia, hukimbilia ubao wa kura: kijani ndiyo, nyekundu hapana, njano kujizuia. Halafu wanakisia: huyu ni rafiki wa fulani, yule kapewa mkopo. Urafiki na mikopo ipo, hatukatai. Lakini mwakilishi wa nchi anapobonyeza kitufe pale Geneva, kwenye Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, jambo limeshaamuliwa siku kadhaa nyuma, mara nyingi na ofisa wa ngazi ya kati ambaye jina lake hulijui, kwa kutumia karatasi ya ukurasa mmoja au miwili. Hiyo karatasi ndiyo ya kujifunza.

Kwanza jua uwanja. Baraza la Haki za Binadamu lilianzishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2006. Lina viti 47, na 13 kati yake ni vya Afrika. Mwanachama hukaa miaka mitatu, na akimaliza vipindi viwili mfululizo lazima apumzike. Hukutana mara tatu kwa mwaka: Februari hadi Machi, Juni hadi Julai, Septemba hadi Oktoba, na kura hupigwa siku za mwisho za kikao. New York ni habari nyingine. Huko Kamati ya Tatu ya Baraza Kuu ina nchi zote 193, inafanya kazi Oktoba na Novemba, na maazimio yake hurudi kupigiwa kura tena Desemba. Nchi ambayo haina kiti Geneva haiwezi kupiga kura huko, ila inaweza kujadili, kudhamini rasimu (kuandikisha jina lake kati ya wanaoileta) na kushawishi. Usije ukaandika kwamba nchi yako “ilikwepa kura” kumbe haikuwa mwanachama.

Rasimu ya azimio inapotoka, swali la kwanza la makao makuu, yaani wizarani nyumbani, si “ni haki au si haki”. Ni: imeletwa na nani, na iko kwenye kipengele gani cha ajenda? Kipengele cha 4 ni cha hali zinazohitaji Baraza liziangalie, maana yake nchi inanyoshewa kidole. Kipengele cha 10 ni cha msaada wa kitaalamu, na hapo nchi husika huwa imekubali. Tazama majirani wawili. Rasimu ya msaada wa kitaalamu kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imekuwa ikiletwa na Kundi la Afrika lenyewe (nchi za Afrika zinazoshauriana pamoja kwenye Umoja wa Mataifa) chini ya kipengele cha 10, na kwa kawaida hupita bila kura. Tume ya uchunguzi ya Burundi ililetwa na Umoja wa Ulaya Septemba 2016, bila ridhaa ya Bujumbura, ikapita kwa ndiyo 19, hapana 7, na waliojizuia 21. Umeona? Kundi kubwa kuliko yote ni la waliojizuia.

Swali la pili ni vitenzi. Ofisa mzoefu hasomi rasimu kuanzia mwanzo. Anaruka dibaji na kwenda kwenye aya za utekelezaji kutafuta kitenzi. “Inakaribisha ripoti” ni kuikubali. “Inazingatia ripoti” ni kusema tu tumeiona. “Inaomba” huzaa kazi na bajeti, “inalaani” huzaa uadui. Aya moja ikibadilishwa kutoka “inakaribisha” kwenda “inazingatia”, hapana inaweza kugeuka kujizuia. Kazi hiyo hufanyika kwenye mashauriano yasiyo rasmi, kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha rasimu. Ukituma barua yako ya ushawishi baada ya hapo, umemfuata muuza samaki jioni.

Sasa ile karatasi, yaani maelekezo ya kura anayotumiwa balozi. Maelekezo mazuri yana namba kamili ya rasimu (kwa mfano A/HRC/51/L.6), kipengele cha ajenda, wadhamini, nchi ilivyopiga kura mara iliyopita na kwa nini, aya zenye utata, msimamo wa Kundi la Afrika kama upo, maoni ya wanasheria wa serikali kuhusu katiba na sheria za nchi, kisha pendekezo. Anayeanza husahau mambo mawili. La kwanza: tufanye nini marekebisho yakiletwa? Marekebisho hupigiwa kura kabla ya rasimu yenyewe, na “ndiyo” kwa marekebisho inaweza kuwa sawa na “hapana” kwa rasimu. Novemba 2016 Kundi la Afrika lilileta rasimu New York ya kuahirisha kazi ya mtaalamu huru wa masuala ya mwelekeo wa kijinsia. Nchi za Amerika ya Kusini zikaleta marekebisho ya kuifuta aya ya kuahirisha, yakapita kwa 84 dhidi ya 77, 17 wakajizuia. Aliyekuwa na maelekezo ya “unga mkono rasimu ya Kundi” tu, bila neno kuhusu marekebisho, alikuwa hana kitu mkononi. La pili: tuseme nini? Maelezo ya kura hutolewa kabla au baada ya kura, lakini mdhamini wa rasimu haruhusiwi kueleza kura yake, kwa hiyo usijiandikishe kudhamini halafu utake kutoa duku duku.

Saa nazo zinaangusha watu. Ofisi za serikali Dodoma hufungwa saa 9:30 alasiri. Mwezi Machi hiyo ni saa 7:30 mchana Geneva, na kikao cha mchana hakijaanza. Rasimu ikirekebishwa kwa mdomo ukumbini saa 10 jioni, simu inaita mezani kwa mtu aliyeshapanda daladala. Ndiyo maana maelekezo yenye busara humwachia balozi nafasi: “Aya ya 7 ikibaki, jizuie, ikiondolewa, kubali.” Ofisi za uwakilishi za nchi zetu mara nyingi zina watu wachache wanaobeba pia afya, kazi, biashara na wakimbizi. Kujizuia kwingine kunatokana na maelekezo kutofika, wala si siasa nzito.

Kuhusu kujizuia, hapa ndipo wachambuzi wengi wanapokosea. Wanasema kujizuia ni kutoegemea upande. Kisiasa ni funika kombe mwanaharamu apite, lakini kihesabu kunasaidia upande mmoja, kwa sababu wanaojizuia hawahesabiwi. Fanya hesabu hii mwenyewe. Tarehe 7 Aprili 2022 Baraza Kuu lilisimamisha uanachama wa Urusi katika Baraza la Haki za Binadamu: ndiyo 93, hapana 24, waliojizuia 58. Ilihitajika theluthi mbili ya waliopiga ndiyo au hapana, yaani 78 kati ya 117. Ikapita. Kama wale 58 wangesema hapana, zingehitajika 117 kati ya 175, na 93 zisingetosha. Tanzania, Kenya na Uganda zilijizuia, Burundi ilisema hapana, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo, Rwanda haikupiga kura. Kanda moja, njia nne.

Mfano wa upande wa pili ni wa tarehe 6 Oktoba 2022. Ombi lililoletwa Geneva lilikuwa dogo: kufanya mjadala tu kuhusu hali ya haki za binadamu Xinjiang, jimbo la China. Likaanguka kwa ndiyo 17, hapana 19, waliojizuia 11. Kura mbili ndizo zilizokuwa pengo. Kati ya nchi za Afrika, Somalia peke yake ilisema ndiyo. Hapo unaruhusiwa kuzungumzia nipe nikupe, mikopo na miradi. Ila jiulize pia nani alikuwa anahofia kwamba kesho litaletwa ombi kama hilo juu yake.

Misimamo hubadilika, polepole, na huanzia nyumbani. Azimio la kusitisha utekelezaji wa adhabu ya kifo huletwa New York kila baada ya miaka miwili. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, na mwaka 2017 Mahakama yake ya Juu ilitamka kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka katiba. Kura ya ndiyo ya Kenya ilikuja Desemba 2024, azimio lilipopita kwa 130 dhidi ya 32. Kwa hiyo ukitaka kukisia kura ya nchi, weka jedwali: namba ya azimio, mwaka, kura, maelezo yaliyotolewa, na safu ya mwisho ya hukumu za mahakama, sheria mpya na mabadiliko ya mawaziri.

Na ukikuta kura iliyobonyezwa kimakosa, soma tanbihi za kumbukumbu za kikao cha Baraza Kuu. Ujumbe unaweza kuiarifu sekretarieti kwamba ulikusudia vinginevyo, na hilo litaandikwa. Jumla haibadiliki.